Jinsi ya Kusoma Ripoti ya Ukaguzi wa Shahada Bila Kudanganywa na Rangi ya Kijani

Vyuo vikuu vingi vya Marekani hudai krediti 120, yaani vizio vya kupimia uzito wa kozi, kwa shahada ya kwanza ya miaka minne. Vile vinavyogawa mwaka kwa robo badala ya mihula hudai 180. Lakini hakuna anayehitimu kwa kufikisha 120 tu. Ndani ya hizo 120 kuna kozi za elimu ya jumla, za fani kuu, za ngazi ya juu, na zile ambazo ni lazima uzisomee katika chuo hichohicho, na kila fungu lina alama yake ya chini inayokubalika. Kulinganisha rekodi yako na masharti hayo ni kazi ya mfumo wa ukaguzi wa shahada. Chuo kimoja kitakuwa na Degree Works, kingine uAchieve au Stellic, na vingine hutumia sehemu iliyo ndani ya mfumo wao mkuu, kama PeopleSoft au Workday. Sura zinatofautiana, utendaji ni uleule.

Mfumo huchukua kila kozi iliyo kwenye rekodi yako, huitafutia kisanduku kwa kufuata kanuni zilizoingizwa na ofisi ya msajili, kisha huhesabu visanduku vilivyobaki wazi. Basi. Haujui uliahidiwa nini ofisini kwa mshauri, wala haujui unapanga kuhitimu lini. Makosa karibu yote yana vyanzo viwili: kozi imekaa kwenye kisanduku kisicho chake, au kisanduku chenyewe si cha shahada unayosomea.

Kabla ya kufungua ripoti

Pakua transkripti isiyo rasmi, yaani orodha ya kozi na alama zako zote, kutoka kwenye tovuti ya wanafunzi. Tafuta pia ukurasa wa programu yako katika katalogi ya masomo ya chuo, ya mwaka ulioanza masomo, si ya mwaka huu. Katalogi ndiyo sheria. Ripoti ni tafsiri yake. Vikipingana, unakwenda kwa mshauri ukiwa na katalogi mkononi.

Kisha fungua ripoti na uangalie tarehe ya mwisho ya kuchakatwa, ambayo kwa kawaida imeandikwa juu. Mifumo mingi huvuta taarifa mpya usiku. Ukiongeza kozi asubuhi na kufungua ripoti mchana, huenda unasoma hali ya jana. Kuna kitufe cha kuchakata upya, mara nyingi kimeandikwa "Process" au kina alama ya mshale wa mviringo. Kibofye kila unapoingia.

Kichwa cha ripoti: mistari minne ya kuhakiki

Watu huruka sehemu hii kwa kuwa ina jina lao na wanadhani wanaijua. Soma aina ya shahada, fani kuu, mchepuo ndani ya fani, na mwaka wa katalogi.

Aina ya shahada ina uzito kuliko inavyoonekana. Saikolojia ya shahada ya sanaa inaweza kudai lugha ya kigeni hadi ngazi ya kati, huku saikolojia ya shahada ya sayansi ikidai hisabati na maabara badala yake. Umejaza fomu ya kuhamia sayansi na haijapitishwa? Ripoti itaendelea kukudai lugha, na kozi zako za maabara zitaonekana hazina kazi.

Mwaka wa katalogi ndio unaoamua masharti yapi yanakuhusu. Kwa kawaida ni mwaka ulioingia. Ukisimamisha masomo kwa muda mrefu, chuo kinaweza kukuhamishia katalogi ya mwaka unaorudi. Ukibadili fani, vyuo vingine hukupa katalogi mpya kwa fani hiyo tu, vingine kwa kila kitu. Unaweza kuomba kuhamia katalogi mpya ikiwa ina masharti mepesi, lakini kwa kawaida unaibeba nzima. Huchukui lililokufaa hapa na lingine kule.

Alama na rangi

Alama ya tiki ya kijani maana yake sharti limetimizwa. Kisanduku kitupu chekundu ni sharti lililo wazi. Alama ya kati, mara nyingi ya bluu, inaonyesha sharti litakalotimia endapo kozi unazosoma sasa zitamalizika kwa alama inayotakiwa. Hiyo "endapo" ndiyo inayowaangusha wengi. Ripoti huhesabu kozi unayosoma sasa kana kwamba umeifaulu. Fani kuu ikidai C nawe ukatoka na D, kisanduku kinarudi kuwa chekundu muhula ukishaisha, pengine wakati usajili wa kozi nzuri umeshajaa.

Asilimia iliyo kwenye mstari mnene juu ya ukurasa ipuuze. Baadhi ya mifumo huikokotoa kwa idadi ya masharti, mingine kwa krediti, na hakuna kati yake inayokuambia mihula mingapi imebaki.

Anza kusoma kutoka chini

Chini kabisa ya ripoti kuna sehemu tatu au nne zisizovutia macho, na humo ndimo mbivu na mbichi hujulikana.

Ya kwanza ni orodha ya kozi zilizokosa kisanduku. Zimehesabiwa kwenye jumla ya krediti, lakini hazijatimiza sharti lolote mahususi. Ukiona humo kozi uliyoisoma kwa ajili ya fani kuu, hiyo ni dalili ya kwanza ya tatizo. Sababu za kawaida ni alama kuwa chini ya kiwango, kozi kuchukuliwa kwa mtindo wa kufaulu au kufeli bila alama ya herufi, namba ya kozi kubadilishwa na idara bila kanuni za mfumo kurekebishwa, au kozi iliyohamishwa kutoka chuo kingine kuingizwa kama kozi ya jumla isiyo na namba ya hapa.

Ya pili ni kozi zisizohesabiwa kabisa: ulizofeli, ulizojitoa, na zilizofutwa na marudio. Ya tatu ni kozi unazosoma sasa. Ya nne, kama ipo, ni krediti zilizozidi kikomo, kwa mfano chuo kikiweka ukomo wa krediti zinazoweza kuhamishwa kutoka chuo cha miaka miwili.

Chukua transkripti na kalamu. Kila kozi, andika pembeni imekaa kisanduku gani. Kazi hii huchukua kama nusu saa mara ya kwanza.

Kusoma mstari wa "bado inahitajika"

Kila kisanduku chekundu kina maelezo yake. Kwenye Degree Works utakutana na alama ya @, ambayo maana yake ni "yoyote". Kwa hiyo HIST 3@ ni kozi yoyote ya historia ambayo namba yake inaanza na 3, na @ 300:499 ni kozi ya somo lolote yenye namba kati ya 300 na 499. Neno "Except" linataja kozi zisizoruhusiwa, na ndilo hukaa mwisho wa mstari mrefu ambako jicho limeshachoka.

Tofautisha "kozi 1" na "krediti 3". Ikiandikwa kozi, hata ya krediti 2 inaweza kutosha. Ikiandikwa krediti, haitoshi. Anayehama kutoka chuo cha robo hukutana na jambo hili vibaya: krediti ya robo ni sawa na theluthi mbili ya krediti ya muhula. Kozi ya robo yenye krediti 4 inaingia kama 2.67, na sharti la krediti 3 linabaki wazi kwa 0.33. Usisajili kozi nzima kwa ajili ya sehemu hiyo. Idara nyingi huliona sharti kama limetimizwa kwa maudhui na kuandika kibali, ila mpaka uombe. Jumla ya 120 nayo haisameheki hivyo, hizo 0.33 utazifidia kwingine.

Kozi moja kutimiza masharti mawili huruhusiwa mara nyingi, kwa mfano takwimu kuhesabika kwa fani kuu na kwa hisabati ya elimu ya jumla. Krediti zake, hata hivyo, zinaingia kwenye jumla mara moja tu. Fani ndogo huwa na kikomo cha kozi inazoweza kushirikiana na fani kuu. Angalia kikomo hicho kwenye katalogi kabla hujatangaza fani ndogo "ya bure".

Mfano wa hesabu

Tuseme mwanafunzi ana krediti 93 mkononi na anasoma 15 muhula huu. Ripoti inaonyesha 108 kati ya 120. Haraka haraka anaona zimebaki 12, yaani kozi nne za krediti 3, muhula mwepesi.

Tuingie ndani. Kozi moja kati ya anazosoma ni marudio ya hisabati aliyopata D. Ile D ilikuwa imeshampa krediti 3, na chuo hakimlipi mtu mara mbili kwa kozi ileile. Mara nyingi mfumo haulioni hilo mpaka alama mpya itoke. Kwa hiyo atakuwa na 105, na zilizobaki ni 15.

Kisanduku cha kozi za ngazi ya juu kinadai krediti 42. Anazo 27, na 6 anazisoma sasa: jumla 33, pungufu ya 9. Fani kuu imebakiza kozi mbili za krediti 3, zote za ngazi ya juu, kwa hiyo zinafunika 6 kati ya hizo 9. Anahitaji nyingine ya krediti 3 ya ngazi ya juu, ya somo lolote. Elimu ya jumla imebakiza sayansi yenye maabara, krediti 4. Mpaka hapo ni 13. Zimebaki 2 za kuchagua, na kwa kuwa kozi nyingi ni za krediti 3, kiuhalisia atasajili 16.

Kutoka kozi nne hadi tano, moja ikiwa na maabara. Bado inawezekana kwa muhula mmoja, ikiwa tu kozi mbili za fani kuu zinafundishwa muhula huo na hakuna iliyo sharti tangulizi la mwenzake. Ripoti haina habari hiyo. Inakuambia kozi gani, haikuambii lini. Ratiba za mihula iliyopita ndizo zitakuonyesha kozi ipi hufundishwa vuli pekee.

GPA ina visanduku vyake

GPA ni wastani wa alama zako, A ikiwa pointi 4 na F sifuri. Vyuo vingi hudai wastani wa 2.0 kwa jumla, na wa fani kuu huhesabiwa peke yake, wakati mwingine kwa kiwango cha juu zaidi. Mwenye 2.6 ya jumla anaweza kukwama kwa 1.9 ya fani.

Hesabu yake haihitaji kikokotoo cha mfumo. Zidisha GPA kwa krediti zilizopewa alama. Mwenye 1.94 kwa krediti 60 ana pointi 116.4. Akisoma 15 zaidi zitakuwa 75, na kwa 2.0 anahitaji pointi 150. Pengo ni 33.6, gawanya kwa 15: wastani wa 2.24 muhula ujao unatosha. Fanya hesabu hiyo mapema. Mwenye krediti 105 na pengo lilelile la 0.06 atahitaji 2.42 katika 15 za mwisho, kwa sababu rekodi ndefu ni nzito kusogea. Kozi zilizohamishwa kutoka chuo kingine kwa kawaida huleta krediti bila kuleta pointi, kwa hiyo usizitegemee kupandisha wastani.

Kujaribu fani nyingine bila kubadili chochote

Kitufe cha "What-If" kinakuruhusu kuchagua fani, fani ndogo au mwaka mwingine wa katalogi, na kuona kozi zako zinavyopangika huko. Hakibadilishi rekodi yako, kwa hiyo kichezee. Chapisha ripoti ya majaribio na ile halisi, uziweke sambamba, na uhesabu kozi zilizohamia kwenye lile fungu la chini la zisizo na kisanduku. Hizo ndizo gharama ya kubadili fani.

Tahadhari moja: vibali ulivyopewa vimefungwa kwenye masharti ya fani yako ya sasa. Ukibadili fani, au hata mwaka wa katalogi peke yake, vinaweza kudondoka. Baada ya badiliko lolote, hesabu vibali vyako upya kimoja kimoja.

Baadhi ya mifumo ina pia sehemu ya kuingiza kozi unazopanga kusoma, ili uone zitakapokaa kabla hujasajili. Itumie kila msimu wa usajili.

Kurekebisha kosa

Wewe huwezi kuhamisha kozi kutoka kisanduku hadi kingine. Anayeweza ni mshauri, idara au msajili, kutegemea kosa. Kozi ya fani kuu hupelekwa kwa idara ya fani. Elimu ya jumla ina ofisi au kamati yake. Kozi iliyohamishwa vibaya hupelekwa kwa wanaotathmini krediti za nje.

Fahamu aina tatu za kibali. Mbadala ni kozi moja kuchukua nafasi ya nyingine. Msamaha ni kuondolewa sharti, na haukupi krediti: ukisamehewa kozi ya krediti 3, zile 3 bado zinadaiwa kwenye jumla. Kuhamishiwa ni kozi ambayo tayari inakubalika kupelekwa kisanduku kinachofaa zaidi, pengine kwa sababu mfumo uliiweka pa kwanza palipokuwa wazi.

Andika ujumbe unaojibika bila maswali ya ziada. Kwa mfano:

*"Naomba kozi ya SOC 315, niliyoipata kwa B muhula wa vuli, ihesabiwe kwenye sharti la Mbinu za Utafiti katika fani ya Sosholojia, katalogi ya mwaka niliojiunga. Sasa ipo kwenye fungu la kozi zisizo na kisanduku. Idara ilibadili namba ya kozi hiyo kutoka 310. Nimeambatanisha ripoti ya leo, ukurasa wa katalogi na silabasi."*

Kozi, alama, sharti, mahali ilipo sasa, sababu, viambatanisho. Kwa kozi za chuo cha nje, silabasi ndiyo silaha: iwe na mada za kila wiki, saa za masomo, vitabu na namna ya kutahini. Zihifadhi zote tangu mwanzo, maana kuzipata miaka mitatu baadaye ni kazi.

Mshauri akikujibu "sawa, itahesabika", bado hujamaliza. Maelezo yaliyoandikwa kwenye sehemu ya "Notes" nayo ni kumbukumbu tu, hayagusi visanduku. Kibali halisi huonekana ndani ya ripoti, chini ya sharti husika au kwenye orodha ya "Exceptions". Subiri wiki moja au mbili, chakata upya, uone kwa macho yako. Kama hakipo, ujibu barua pepe ileile ili mazungumzo yote yabaki sehemu moja.

Pesa na viza

Mambo haya mawili hayamo kwenye ripoti lakini yanaitegemea. Msaada wa kifedha wa serikali kuu ya Marekani hulipia kozi zinazohesabika kwenye programu yako tu. Ukisajili krediti 12 na 3 kati yake ziko nje ya shahada, kwa hesabu ya msaada wewe ni mwanafunzi wa krediti 9, na kiasi kinaweza kupungua.

Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, anatakiwa kuwa na mzigo kamili, ambao kwa shahada ya kwanza ni angalau krediti 12 kwa muhula. Muhula wa mwisho anaweza kusoma kidogo zaidi ikiwa ndizo tu zilizobaki, lakini ni lazima ofisi ya wanafunzi wa kimataifa iidhinishe kwanza, na ripoti ya ukaguzi ndiyo ushahidi wanaoutazama. Ikiwa imebaki kozi moja tu, isiwe ya mtandaoni pekee. Kosa la 0.33 lililogunduliwa kwa kuchelewa linaweza kusogeza tarehe ya kumaliza iliyo kwenye fomu ya I-20, hati ya chuo inayobeba viza yako, na ombi la kufanya kazi baada ya masomo, ambalo dirisha lake huanza siku 90 kabla ya masomo kwisha.

Lini ufungue ripoti

Mara nne kwa muhula zinatosha: kabla ya kusajili, baada ya siku ya mwisho ya kuongeza na kuacha kozi, alama zikitoka, na kila baada ya badiliko la fani au kibali. Kila mara hifadhi nakala ya PDF yenye tarehe kwenye jina la faili. Kibali kikitoweka, nakala ya zamani ndiyo itakayokutetea.

Mihula miwili kabla ya mwisho, omba kikao na mshauri mpitie ripoti nzima. Muhula mmoja kabla ni kuchelewa, maana kozi iliyokosekana inaweza kuwa ya vuli nawe unaelekea kuhitimu majira ya kuchipua.

Halafu jaza ombi la kuhitimu. Mfumo hauwezi kukuhitimisha wenyewe hata kila kisanduku kikiwa kijani. Ombi lina tarehe yake ya mwisho, mara nyingi mwanzoni mwa muhula wa mwisho au hata muhula uliotangulia, na ukiipitisha unaweza kusogezwa hadi muhula unaofuata. Hakikisha jina limeandikwa unavyotaka lionekane kwenye cheti. Kushiriki mahafali ni jambo jingine kabisa: vyuo vingi humruhusu mtu kupanda jukwaani huku anadaiwa kozi.

Baada ya alama za mwisho, msajili hufanya ukaguzi wake, na hapo kozi iliyobaki na alama ya "I" (Incomplete, yaani haijakamilika) huzuia shahada hata kama ripoti yako iliihesabu kama inayoendelea. Deni la ada au kitabu cha maktaba halionekani kwenye ripoti ya ukaguzi, lakini linaweza kuzuia cheti. Tazama ukurasa wa zuio kwenye tovuti ya wanafunzi, na wiki chache baadaye pakua transkripti mpya uone kama mstari wa shahada na tarehe yake vimeandikwa.